Jina la Juu

Jumatatu hiyo Mhandisi Hanák aliingia ofisini amebeba sinia lililofunikwa kitambaa cha maua, akaliweka juu ya meza ya jikoni karibu na mashine ya kahawa, akaenda zake kwenye meza yake dirishani. Tulifunua. Zilikuwa koláče, zile keki za mviringo zenye jibini katikati na jamu ya plamu juu, bado zina uvuguvugu wa tanuri. Hakuna aliyeuliza sababu. Katika chumba chetu hapa Brno, mashine ya mteja ikianguka kwa kosa lako, unaleta kitu cha kuliwa. Wenzako wanakula, wanafuta midomo, na kosa limekwisha. Desturi hiyo niliikuta. Nikachukua mbili.

"Mama Jitka anajua kuoka, jamani," alisema Ivo, mkuu wetu, mdomo umejaa. "Laiti mumewe angeandika programu kama yeye anavyokanda unga!"

Tukacheka. Radka Vrbová hakucheka wala hakula. Alisimama mlangoni na kikombe chake, akilitazama sinia lile kwa utulivu wa mtu aliyelipwa haki yake kwa kuchelewa. Yeye ndiye aliyekuwa ametoa hukumu.

Kazi ya Radka ni kusoma mashine zilizokwisha kufa. Kila kompyuta ina kiini, ile programu iliyo chini ya programu zote, inayogawa kumbukumbu na kupanga zamu za kazi. Programu ya juu ikikosea, kiini huifukuza na maisha huendelea. Kiini chenyewe kikikosea, hakuna aliye chini yake wa kukidaka, na mashine nzima huanguka. Ila kabla ya kuzimika hupata nafasi ya mwisho ya kumimina kila kilichokuwa kichwani mwake ndani ya faili moja kubwa. Faili hiyo, picha ya kumbukumbu, huletwa kwa Radka. Yeye huifungua kwa programu yake ya uchunguzi na kuanza kuihoji, amri moja baada ya nyingine. Akiandika log, anasoma maneno ya mwisho ya mashine. Akiandika bt, anaonyeshwa ni kazi gani ilikuwa ikitendeka mashine ilipokata roho, nani aliyeiita, na nani aliyemwita huyo aliyeiita, ngazi kwa ngazi hadi chini kabisa. Jina lililo kileleni mwa ngazi hizo sisi huliita jina la juu. Mwenye jina la juu ndiye anayeoka.

Safari hii zilikuwa mashine za watu wa pampu za maji. Zilikuwa zikianguka huko mashambani bila sababu ya kueleweka, na wateja walikwisha kukasirika. Radka alifungua picha siku ya Ijumaa, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Jina la juu lilianza na herufi tatu, hnk, herufi ambazo Hanák huzitanguliza kwenye kila kitu alichoandika tangu enzi ambazo wengine wetu tulikuwa tukijifunza kusoma. Ilikuwa sehemu yake kweli, ile inayopokea namba kutoka kwenye vipimo vya pampu na kuziingiza kwenye kumbukumbu. Ilikuwa imeshika kipande cha kumbukumbu ambacho kilikwisha kurudishwa kwa kiini. Kosa la namna hiyo ni la kitoto. Radka aliliandika kwa sentensi fupi, akapeleka taarifa kwa Ivo, akaenda kula supu.

Alifurahi, na hakuna haja ya kulifunika jambo hilo. Alipokuwa mgeni kwetu, aliwahi kuonyesha kazi yake ya kwanza mbele ya chumba kizima. Hanák aliisoma ukutani, mikono nyuma, kisha akauliza, "Aliyeandika hii alikuwa anawahi tramu?" Watu walivunjika mbavu kwa picha ya mtu anayekimbilia treni ya mjini. Radka naye alicheka, maana mgeni afanyeje, kisha akajifungia chooni akalia. Tangu siku hiyo hawakugombana wala hawakupatana. Walisalimiana asubuhi na kuagana jioni, na katikati palikuwa na kinyongo ambacho mmoja wao tu alijua kwamba kipo. Ndivyo Radka alivyodhani, lakini Hanák alikijua siku zote.

Ivo naye alikuwa na hesabu zake. Jumatano wateja wangekuja kusikiliza majibu. Kama taarifa ingesimama ilivyo, sehemu ya Hanák ingeng'olewa na kuandikwa upya na vijana, na Hanák mwenyewe angepelekwa kwenye pensheni kabla ya wakati wake, kwa hotuba na saa ya ukutani.

"Si ubaya," Ivo alituambia. "Mzee apumzike. Bustani anayo, mke anaye. Anatafuta nini tena hapa?"

Jumatatu hiyo hiyo, wengine tulipokuwa bado mkahawani, Hanák alikwenda kwenye meza ya Radka. Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kutoka kwa Radka mwenyewe, tulipokwenda kuokota uyoga, na Radka si mtu wa kutia chumvi. Hanák alikuwa amevaa ndara zake za sufu anazozivaa ofisini majira yote. Hakuketi mpaka alipoambiwa aketi.

"Una nafasi kidogo?"

"Kidogo tu, Mhandisi."

"Ile sehemu nimeisoma Ijumaa, nikaisoma Jumamosi na Jumapili. Hata msituni sikwenda. Silioni kosa langu."

"Kosa lipo. Umeshika kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Nimeandika kwenye taarifa."

"Taarifa nimeisoma, na sijaja kubishana. Mke wangu ameoka, watu wamekula. Ninachokwambia ni kwamba silioni."

"Sasa unataka nini? Nikuonyeshe?"

"Nataka uniambie kama mimi bado mzima."

Radka aliachia kipanya. Hanák akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya sweta, na bila kumwangalia akamweleza habari za dada yake. Blažena alikuwa mwalimu wa hesabu, mkali, wanafunzi wake, hata walipokuwa watu wazima, wakimwona barabarani walichomoa mikono mifukoni. Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee huko Kyjov, na mwezi uliopita alimuuliza Hanák kama yeye ni fundi wa bomba. Ilianza na supu. Siku moja alipika supu ya dengu, wakala, akaosha sufuria, akaifuta, kisha akachukua dengu na kuanza kupika supu.

"Tulicheka," alisema Hanák. "Hata yeye alicheka. Alisema, basi kesho hatupiki."

"Mhandisi, hayo mpelekee daktari. Mimi nasoma mashine."

"Daktari atanitaka nimchoree saa, ndivyo wanavyopima kumbukumbu. Saa nitaichora. Blažena alichora saa safi kabisa, na wakamrudisha nyumbani. Kichwa changu mimi hakikai kwenye saa. Kinakaa mle." Alinyoosha kidole kwenye kioo cha Radka, palipokuwa na herufi zake tatu. "Kama nimefanya kosa kama lile, na nikalisoma siku tatu nisilione, basi nimeanza kuondoka. Nataka kujua."

"Kwa nini mimi? Si umuulize Ivo. Au Marek."

"Wale wananipenda. Wataniambia, ah, Mhandisi, umechoka tu, kalale. Wewe hunipendi. Hutanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Radka alifungua kinywa ili akanushe, kwa adabu tu, kama mtu yeyote angefanya. Kisha akaona kwamba huo ungekuwa uongo wake wa kwanza katika kazi aliyoombwa.

"Ni kweli," alisema.

"Haya basi. Soma tena. Ukikuta ni mimi, niambie ni mimi, na Jumatano nitatia sahihi mwenyewe. Sitaki kusukumwa mlangoni na Ivo ameshika saa ya ukutani."

Aliinuka, akaburuta ndara zake kurudi dirishani. Radka alibaki ameduwaa. Alikuwa amengoja miaka yote hiyo yule mzee aje mezani kwake kichwa chini, na sasa amekuja, na haikuwa na utamu wowote.

Jumanne asubuhi aliifungua ile picha upya, kana kwamba hajawahi kuiona. Aliandika bt, na jina la juu likatokea palepale, hnk. Akauliza habari za kile kipande cha kumbukumbu. Programu ya uchunguzi ina namna yake ya kujibu: kipande kinachotumika hukiandika ndani ya mabano ya mraba, na kilichokwisha kurudishwa hukiandika bila mabano. Hiki hakikuwa na mabano. Ijumaa aliishia hapo. Aliona mtu ameshika kitu kisicho chake, akafunga kesi.

Safari hii alisonga mbele. Aliandika rd ili asome yaliyomo ndani ya kipande chenyewe, namba kwa namba. Kila kipande cha aina hiyo kina hesabu pembeni yake, ya wangapi wamekishika. Anayekishika huongeza moja, anayekiachia hupunguza moja, na ikifika sifuri ndipo kinarudishwa. Kipande kilikuwa kimerudishwa, lakini hesabu yake haikuwa sifuri. Ilikuwa moja. Radka aliisoma tena, akihofu kwamba jicho limeteleza. Ilikuwa moja, na mmoja huyo alikuwa Hanák, aliyekishika kwa utaratibu, akajiandikisha, akaanza kazi yake.

Kwa hiyo kuna mtu aliyekirudisha bila kutazama hesabu. Radka aliiambia programu imwonyeshe prosesa zote, yaani bongo za mashine zinazofanya kazi sambamba, siyo ile iliyoanguka peke yake. Kwenye prosesa ya pili alikuta sehemu ya mtandao, iliyoandikwa na wenzetu wa ofisi ya Ostrava. Laini ya simu ilikuwa imekatika ghafla, kama zinavyokatika huko mashambani, na sehemu hiyo ilikuwa katikati ya kufagia vyake ili ianze upya. Radka akaomba kila neno lililobaki kwenye ngazi zake. Akashuka taratibu, kidole kwenye kioo, mpaka akaikuta anwani ya kipande kile kile, tarakimu kwa tarakimu, mikononi mwa mtu wa Ostrava.

Ndiyo yale ya nyumba ya mapumziko iliyokodiwa na watu wawili. Mmoja bado amelala chumbani, mwenzake amefagia sebule na kurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Wapangaji wapya wakifika, anayekutwa kitandani na kuitiwa polisi ni yule aliyelala. Jina la juu lilikuwa la Hanák kwa sababu yeye ndiye aliyekutwa.

Radka aliegemea kiti. Furaha ilikuwepo, na nyuma yake ilikuja aibu. Amri zote hizi alikuwa nazo Ijumaa. Zilikuwa vidoleni mwake, zisingemchukua hata muda wa kunywa kahawa. Aliacha kusoma mahali alipopata alichokitaka. Aliyewahi tramu, safari hii, alikuwa nani?

Angeweza kukomea hapo na kwenda kumpa mzee habari njema. Lakini Hanák hakuwa ameuliza habari za mashine. Alikuwa ameuliza habari za kichwa chake, na kichwa chake kilikuwa kwenye mafaili yale. Basi Radka akayafungua, la kwanza hadi la mwisho, akaanza kuyasoma kama mtu anayesoma kitabu.

Hakuwahi kuyasoma hivyo. Sisi sote tulikuwa tukipita humo kwa haraka, tukitafuta chetu na kutoka. Sasa aliona jinsi mzee anavyofunga milango aliyoifungua, wa mwisho kufunguliwa ukiwa wa kwanza kufungwa, bila kuruka hata mmoja. Aliona jinsi asivyomwamini yeyote, hata yeye mwenyewe, na kukagua mara ya pili pale ambapo wengine wangekagua mara moja. Na kando ya mistari migumu aliona maelezo mafupi aliyomwachia msomaji atakayefuata. Usiondoe mstari huu, lilisema moja. Niliuondoa mimi, nikautafuta Krismasi nzima. Jingine lilisema: Hapa si pazuri, najua, lakini nimeshindwa pazuri zaidi, ukiweza wewe, nitakununulia bia. Radka alicheka peke yake. Marek, jirani yake wa meza, akageuka kumtazama, maana Radka akicheka kazini ni habari.

Kufikia alasiri alikuwa anampenda. Sisemi mapenzi ya kuimbiwa nyimbo. Nasema kule kumzoea mtu mpaka unajua sentensi yake itaishia wapi, na bado unataka uifikie mwisho wake.

Karibu na mwisho wa faili la mwisho alikuta kazi ndogo, ya kupanga upya vipimo vilivyofika bila mfuatano. Aliitambua. Aliwahi kuiona asubuhi, katika faili jingine, kwa jina jingine. Akairudia ile ya kwanza, akaziweka mbili zile bega kwa bega. Zilifanya jambo moja. Hazikunakiliwa, maana majina yote yalikuwa tofauti na njia nayo ilikuwa tofauti. Ya kwanza iliandikwa mwezi wa Aprili. Ya pili iliandikwa Septemba ya mwaka huo huo, na juu yake mzee alikuwa ameweka maelezo kwa furaha iliyoonekana wazi: Nashangaa hakuna aliyefikiria jambo hili mapema.

Hazikumdhuru mtu. Hakuna mashine ambayo ingeanguka kwa sababu yake. Radka aliangalia mistari ile mpaka ikaanza kucheza machoni. Moyo ulimuuma, tena sana, kwa namna ambayo asingeamini kama angeambiwa siku mbili kabla.

Nilimkuta jikoni, anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Mtu akikuomba ukweli kwa sababu humpendi," aliniuliza, "halafu njiani ukampenda, bado unapaswa kumpa?"

Nilimwomba aniambie vizuri, akaniambia kwa kifupi. Nikamjibu kama ambavyo wengi wangejibu. "Ah, Radka! Kila mtu huandika kitu mara mbili. Mimi mwenyewe nimeandika vitu mara tatu, na dada yangu ni mzima kabisa."

"Wewe unanakili kwa uvivu," alisema, na alisema kweli. "Yeye alilifikiria upya kutoka mwanzo. Hakukumbuka kwamba aliwahi kulifikiria."

"Nyamaza basi. Mashine si yeye aliyeiangusha. Mpe hiyo, inatosha."

"Ndicho ambacho ungefanya wewe?"

"Ndicho."

"Ndiyo maana hakuja kwako," alisema, akakikausha kikombe, akaenda zake.

Jumatano asubuhi alianza na Ivo. Nilikuwepo, sote tulikuwepo.

"Taarifa ya Ijumaa ni mbovu. Nimeandika nyingine."

"Radka! Wateja wako njiani!"

"Basi watakuta iliyo sahihi. Siyo Hanák. Ni Ostrava, sehemu ya mtandao. Laini ikikatika, wanarudisha kumbukumbu bila kuangalia hesabu. Nimeambatisha kila kitu."

Ivo alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ostrava! Unajua nitakavyogombana na wale watu? Si bora ingekuwa Hanák? Hanák angalau halalamiki."

"Ya Ijumaa niliisoma vibaya mimi," alisema Radka. "Andika hivyo hivyo. Jina langu liko chini."

Kisha akavuka chumba kwenda dirishani. Hanák alikuwa amevaa koti la sherehe na tai, kalamu imelala mbele yake mezani, tayari kwa sahihi. Nje kulikuwa na ukungu, hata kengele za tramu zilisikika kwa mbali.

"Siyo wewe," Radka alimwambia.

Radka alivuta kiti, akamweleza taratibu: hesabu iliyobaki moja, prosesa ya pili, anwani iliyokutwa Ostrava. Hanák alimfuata neno kwa neno, akauliza swali moja tu, swali zuri, kuhusu mpangilio wa matukio mawili yale, na Radka alipolijibu aliona mabega yake yakishuka. Akavua miwani. Safari hii hakuifuta. Aliificha sura yake mikononi na kukaa hivyo, kisha akacheka ndani ya viganja, kicheko kilicholowa.

"Nililala na lile kosa siku tano," alisema. "Jitka alikuwa anahesabu vidonge vyangu vya shinikizo la damu kama mlinzi wa gereza. Unajua jana nilimuuliza nini? Nilimuuliza kama nimekwisha kupiga mswaki."

"Na ulikuwa umepiga?"

"Nilikuwa sijapiga."

Wakacheka wote wawili. Mkono wa Hanák ukaenda kwenye simu, ukaigusa, ukasimama. Alimtazama Radka, na kicheko kikamwisha polepole.

"Na kingine? Nilikuuliza kama mimi bado mzima."

Hapo ndipo Radka angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni dogo, na kila mtu katika chumba kile angelibariki. Alitaka kulisema. Alilitaka kwa moyo wote.

"Nimekuta," alisema. "Haiangushi kitu. Lakini nimekuta."

"Nionyeshe."

Alimfungulia zote mbili, Aprili upande wa kushoto, Septemba upande wa kulia. Hanák alivaa miwani. Alisoma ya kushoto, akasoma ya kulia, akarudi kushoto. Alipofika kwenye maelezo aliyoyaandika mwenyewe, ule mshangao wake kwamba hakuna aliyefikiria, midomo yake ilitembea kama ya mtu anayesoma kwa sauti, lakini sauti haikutoka. Radka alitazama ukungu ili asimtazame.

"Ya Aprili siikumbuki," alisema mwishowe. "Najua ni mimi, naona mkono wangu. Ila siikumbuki hata kidogo." Kisha, kwa ile sauti yake ya ukaguzi tuliyoizoea sote, akaongeza, "Ya pili ni nzuri zaidi."

"Nzuri zaidi, tena sana," alisema Radka, na machozi yakamponyoka. "Ya pili hata mimi nisingeiweza."

"Nani mwingine ameona?"

"Mtu mmoja, na hatasema. Kwenye taarifa nimeandika yanayohusu kuanguka kwa mashine. Haya hayaiangushi."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Akaichukua simu, akabonyeza, akasubiri, akitazama kazi zake mbili upande kwa upande.

"Jitka? Ni mimi. La, siyo mimi... Nasema kosa, siyo langu. Amelisoma Vrbová, si langu hata chembe." Alisikiliza, akatabasamu, akaacha kutabasamu. "Ndiyo, mama. Ndiyo, nimefurahi. Sikiliza, lakini. Yule daktari ambaye dada yako alikutajia. Mpigie leo, chukua nafasi. Hapana, sijaanguka, nimekaa vizuri. Nitakueleza jioni." Akavuta pumzi. "Au ngoja, nikueleze sasa, nikiwa nakumbuka."

Radka aliinuka ili awaachie faragha yao. Bila kugeuka, simu ingali sikioni, Hanák alimshika ukingo wa mkono wa sweta, akamvuta kidogo kuelekea kitini. Radka akaketi.